Chukua Usukani

Kioo kilikuwa kimefunikwa shuka. Nilikiona kwa macho yangu haya mawili, nikapita. Kwa hiyo msinihurumie sana.

Lakini nianze na duka.

Ilikuwa Jumatano ya Januari, jioni, kiza kimeanza kuingia mjini kwetu Craiova na theluji imegeuka tope. Nilitoka kazini, mimi ni mshonaji wa mapazia, nikapitia duka la vifaa vya kompyuta karibu na kituo cha tramu. Jumamosi mume wangu Tiberiu alikuwa anatimiza miaka arobaini na mitano, nami nilikuwa nimeapa kwamba mwaka huu sitampa soksi.

Tiberiu alikuwa rubani. Si wa abiria, la. Alirusha zile ndege kuukuu za mabawa mawili, moja juu ya jingine, zinazonyunyizia dawa mashamba ya alizeti. Miaka miwili iliyopita madaktari walimsikiliza moyo, wakatikisa vichwa, wakamnyang'anya leseni. Toka siku ile akawa mtu wa kukaa jikoni. Ndevu hanyoi, simu hapokei. Siku moja nilimkuta kwenye roshani, ghorofa ya nane, amesimama juu ya kiti anatazama chini.

"Unafanya nini wewe?"

"Naangalia hali ya hewa, Smara."

Nilicheka. Halafu nikafunga mlango wa roshani, na ufunguo nikalala nao ndani ya sidiria.

Kitu kimoja tu kilikuwa kinamwinua kitini: mchezo wa kurusha ndege kwenye kompyuta. Lakini alikuwa anarusha kwa kubonyeza vitufe vya herufi, na kila mara alilalamika. "Hii ni sawa na kunywa supu kwa sindano," alisema. Basi nikajua zawadi ni ipi. Nilitaka kumrudishia mikono yake.

Muuzaji alikuwa bwana mnene mwenye ndevu na utani mwingi.

"Mumeo ana miaka mingapi, bibie?"

"Arobaini na tano."

"Ah, bado mtoto huyo! Mpe fimbo hii. Ukibonyeza hapa inafyatua makombora."

"Wangu hajafyatua kombora maishani mwake. Alikuwa anaua viwavi."

Akaangua kicheko. Nikamwambia sitaki fimbo, nataka usukani, ule wenye pembe mbili, unaousukuma pua ya ndege ikashuka, unaouvuta ikapanda. Ndio aliouzoea Tiberiu. Muuzaji akasema kuagiza ni wiki tatu. Nikasema Jumamosi. Akasema basi nitazame ubao wa matangazo pale mlangoni, kuna mtu amebandika karatasi.

Karatasi ilikuwa imeandikwa kwa mkono, herufi za mtu mzima aliyesoma zamani.

*Usukani wa ndege, wa kuchezea nyumbani. Mzito, imara. Unafaa kwa zawadi.*

Nilipiga simu hapohapo. Sauti ya mwanamke ikaniambia njoo sasa hivi. Si mbali, mtaa wa Rovine, ghorofa ya nne.

Juu ya mlango wake palipigiliwa kitambaa cheusi. Kwetu kila mtu anajua maana yake. Nikajipangusa viatu, nikavaa uso wa msiba, nikabisha.

Alifungua mama mmoja mkavu, amevaa nyeusi tii kuanzia kitambaa cha kichwa mpaka soksi. Ndani kulinuka nta, mrihani, na ngano iliyochemshwa na sukari, ile tunayowapikia wafu. Kioo cha ukumbini kimefunikwa shuka. Saa ya ukutani imesimamishwa kwenye saa ya kifo, ndiyo desturi yetu ya msiba.

Saa kumi na mbili kasorobo.

"Pole sana, mama."

"Nimeshapoa. Mimi naitwa Aglaia. Marehemu ni mume wangu, Octavian. Alikuwa mwalimu wa jiografia, hakuwahi kupanda ndege hata siku moja." Akatabasamu kidogo. "Njoo uuone."

Usukani ulikuwa mezani, juu ya kitambaa cheupe. Mweusi, wa chuma, mishikio imesuguliwa na viganja mpaka inang'aa. Niliushika, nikausukuma. Springi yake ikalia... *kra*. Ulikuwa mzito kama wa kweli. Moyo ukanidunda kwa furaha, naona aibu kusema.

"Ni wa mume wangu," nikaropoka. "Jumamosi ni siku yake. Ni rubani, anaitwa..."

"Usinitajie jina lake."

Alisema haraka, mkono umeinuliwa. Nikadhani ni uchungu wa mjane, kusikia habari za waume wa watu.

Nilitoa bahasha. Akairudisha kifuani kwangu, akaukamata usukani kwa kitambaa kile cheupe bila kuugusa kwa vidole, akaniwekea mikononi.

"Kwa roho ya Octavian," akanong'ona.

Nami nikajibu.

"Bogdaproste."

Ulimi hauna mfupa. Sisi watu wa Oltenia mtoto anafundishwa neno hilo kabla hajajua kufunga kamba za viatu. Ukipewa kitu kwa ajili ya marehemu, iwe sahani, koti au kipande cha mkate, unasema *bogdaproste*, yaani Mungu awasamehe wafu. Ukishasema, umepokea. Kitu hicho utakitumia wewe, na kila ukitumiapo hapa, naye anakitumia huko aliko. Hakirudi tena. Sikufikiri. Mtu akikwambia "kwa roho ya fulani," neno linatoka lenyewe, kama vile unavyomwambia "afya" mtu aliyepiga chafya.

Mama Aglaia akashusha pumzi, ndefu, mpaka mabega yakalegea. Nilipofika chini kwenye ngazi nikasikia kule juu madirisha yanafunguliwa. Moja. La pili. La tatu. Yote, katika baridi ile.

Nikaenda kupanda tramu, na mzigo wangu mapajani.

*

Jumamosi Tiberiu alifungua sanduku, akalia. Mwanamume mzima, ndevu zinatiririka machozi.

"Umeupata wapi huu, mke wangu?"

"Dukani."

Ndiyo, nilidanganya. Sikutaka kuharibu furaha kwa habari za matanga. Nikambusu, nikamwambia ni wako huu, ruka nao unakotaka.

Ni wako, nilisema. Kwa mdomo wangu.

Siku nne zile nilizifaidi. Alinyoa. Alikula vyakula vyangu na kuomba tena. Alinikalisha ubavuni kwake akanionyesha mto Jiu ulivyo kutoka angani, akanitania kwamba mimi ni abiria mbaya kwa sababu nafumba macho wakati wa kutua. Usiku alinikumbatia. Ule ufunguo wa roshani niliutoa sidiriani na kuuweka kwenye droo, na nikalala usingizi ambao sikuwa nimelala kwa miaka miwili.

Alhamisi, saa ya chakula cha jioni, alivua vile vipokea sauti vya masikioni, akanitazama.

"Umeniita?"

"Sijakuita."

"Kuna mtu amesema 'chukua usukani'."

"Si mchezo wako huo?"

"Sauti ya mchezo nimeizima, Smara."

Marubani wana mila yao, na Tiberiu alikuwa ameisimulia mara elfu kwenye meza za harusi. Wakiwa wawili, ndege haiachiwi hivihivi. Anayechoka husema "chukua usukani," na haondoi mikono hata kama inawaka moto, mpaka mwenzake ajibu "nimeuchukua." Bila jibu, hakuna kuachia. Na ukiambiwa chukua, unajibu. Hufikiri. Mikono na mdomo vinajiendea.

"Umejibu?" niliuliza. Sijui kwa nini niliuliza.

"Nilitaka kujibu. Nikajiuma ulimi." Akacheka, lakini si sana. "Ni mzee, huyo. Amechoka... anasikitisha kweli."

Nikatazama saa ya jikoni.

Kumi na mbili kasorobo.

Ijumaa, vilevile. Jumamosi, vilevile, na safari hii niliona vidole vyake. Vilikuwa vyeupe, na nilipovishika vilikuwa na baridi ya kuuma. Chumba kina joto, bomba la maji moto linatokota. Nikavinusa.

Nta. Na mrihani.

*

Jumapili asubuhi nilipanda basi kwenda kijijini kwa mama mkwe. Mama Veta ni mwanamke wa maneno machache na mikono mikubwa. Alikuwa anaviringisha kabichi za nyama jikoni kwake. Nikamweleza yote, na safari hii sikudanganya.

"Alikwambiaje alipokupa?"

"Kwa roho ya Octavian."

"Nawe?"

"Bogdaproste."

"Vyema. Ukautumia wewe?"

Nikachukua jani la kabichi, nikaanza kuliviringisha.

"Smaranda. Ukautumia wewe?"

"Nilimpa Tibi. Zawadi."

Aliacha kijiko. Aliipangusa mikono yake polepole kwenye aproni, kidole kimoja kimoja, na uso wake ukawa wa kijivu.

"Cha maiti ukikipokea, unakaa nacho mwenyewe. Humpi mtu zawadi. Ukimpa mtu, umempa na maiti mwenyewe." Sauti ikamkatika. "Umemletea mwanangu mgeni ndani, mwanamke wewe! Na mgeni huyo, kama anaomba apokewe, basi amekufa ameshika usukani, hakuna aliyempokea!"

"Sasa tufanyeje, mama?"

"Asijibu. Lolote aambiwalo, asijibu. Mpaka siku arobaini za yule marehemu zipite. Mkimbilie."

Nilimpigia simu. Iliita, ikaita. Nikapiga tena njiani, kwenye basi, mara kumi, mara ishirini. Jua lilikuwa linazama nyuma ya miti mitupu na dereva hana haraka hata kidogo, anasimama kumteremsha bibi mmoja na bata wake. Nilimpigia kelele. Abiria wakanigeukia. Nikapiga tena.

Hapokei. Masikio yake yalikuwa yameshazibwa na vile vipokea sauti.

Kumi na mbili kasoro dakika kumi na nane niliingia mlango wa jengo. Lifti ikapanda... ghorofa moja... mbili... mwanga ukafifia, ukarudi. Funguo zikaniponyoka. Nikaziokota. Ndani ya nyumba yetu ukumbi ulikuwa wa baridi kiasi kwamba niliona pumzi yangu mwenyewe.

*Kra...*

*Kra...*

"Tibi!" nikaita. "Usijibu! Tibi!"

Nikasikia sauti yake. Si ile ya jikoni, ya miaka miwili ya kunung'unika. Ilikuwa sauti yake ya kazini, safi, ya kijana niliyempenda kando ya shamba la alizeti.

"Nimeuchukua."

Kisha springi ikaacha kulia.

Alikuwa ameketi wima. Macho wazi. Kwenye nyusi zake palikuwa na barafu, vipande vidogo vyeupe, na nilipoviangalia viliyeyuka vikamtiririka mashavuni. Mikono ilikuwa imeushika usukani. Kwenye kioo cha kompyuta palikuwa na mawingu tu, mawingu bila mwisho, na mshale wa mafuta ulikuwa umelala chini kabisa, penye sifuri. Ndege inaenda.

Daktari alisema ni moyo. "Ulikuwa unajulikana, bibie." Ilibidi wanaume wawili wamfungue vidole.

*

Nilirudi Rovine siku ya tatu baada ya mazishi. Kitambaa cheusi kimetolewa. Mama Aglaia alifungua kidogo, mnyororo umefungwa, na kupitia ufa ule nikaona kioo cha ukumbini kinang'aa, na nikasikia saa ya ukutani inatembea.

"Octavian ametua," alinong'ona kabla sijasema. "Nimemwota. Amevua viatu, amelala."

"Na wangu?"

Akaushika mnyororo wa mlango.

"Mama, na wangu je?"

"Nami niliupokea hivyohivyo. Kutoka kwa mjane mwingine. Nikampa mume wangu siku ya kustaafu, nikasema sasa utaona ile dunia uliyokuwa ukiwafundisha watoto." Alikuwa analia, bila sauti. "Sijui ulianza na nani. Usiniulize."

"Uchukue. Nakuomba. Nitapiga magoti."

"Sadaka hairudi, mwanangu. Unajua."

"Ulijua nina mume! Ulijua ni zawadi!"

"Ndiyo maana nilikukataza jina," alisema. "Nipate kulala."

Akafunga mlango. Nilisimama pale mpaka taa ya ngazi ikazimika yenyewe.

Sasa kila jioni, kasorobo ikifika, hata nikiuficha kabatini chini ya mablanketi, unajizungusha. *Kra... kra...* Nikivaa vile vipokea sauti namsikia. Ananiambia kuna baridi. Ananiambia haoni ardhi. Halafu anasema kwa adabu, kama alivyofundishwa, "Chukua usukani."

Najibu. Mungu ni shahidi wangu, najibu! Nimeushika kwa mikono yote miwili, nimelia juu yake, nimesema nimeuchukua, Tibi, nimeuchukua, uachie, teremka. Hanisikii. Anangoja kidogo, kisha anaomba tena. Mama Veta anasema ni kwa sababu nilikwisha kuutoa kwa mkono wangu, na aliyetoa hana tena mkono wa kupokea. Siku moja alikuja na shoka. Aliliinua, akalishusha bila kupiga. "Tukiuvunja ataanguka," alisema, "na kule hakuna chini." Akaketi sakafuni, mwanamke yule mkubwa, akaliita jina la mwanawe mpaka sauti ikakauka.

Kwa hiyo nimeandika karatasi. Nilipoteza siku tisa nikijizuia, kisha nikaandika. Nilitafuta maneno mengine, sikuyapata.

*Unafaa kwa zawadi.*

Leo mchana amepiga simu mwanamke mmoja kijana. Sauti yake ina kicheko ndani. Anataka kumshangaza mume wake, duka limemwambia wiki tatu. Nikamwambia njoo.

Sasa sikilizeni, mimi si mnyama. Kitambaa cheusi nimekiacha mlangoni. Kioo nimekifunika, tena shuka jeupe, kubwa, limeburuza mpaka chini. Ngano inanukia nyumba nzima, mshumaa unawaka. Kila kitu kiko wazi. Nimejiambia: akiuliza, nitasema ukweli. Akiuliza neno moja tu.

Amebisha. Amefuta viatu. Amevaa uso wa msiba.

"Pole sana, mama."

Sina hata miaka arobaini na mbili, na ananiita mama. Amekitazama kioo. Nimemwona akikitazama... halafu akayaondoa macho, kwa heshima, akapita. Ameushika usukani pale mezani, ameusukuma, na uso wake umewaka.

"Ataupenda sana!" amesema. "Miezi hii amekuwa mnyonge, hata haongei. Mume wangu, anaitwa..."

Kabatini mle vipokea sauti vimeanza kukwaruza. Saa ni kumi na mbili kasorobo.

"Usinitajie jina lake," nimemwambia, na mkono wangu tayari umeshika kitambaa cheupe.